Jinsi ya kuandaa semina ya walimu kutengeneza ditekta ya miale ya anga, hapa hapa Mwanza

Walimu wenzangu wa fizikia, hasa wa Kanda ya Ziwa, hii nimeiandika kwa yule anayetaka kuwaita walimu wenzake siku mbili wakae mezani watengeneze kwa mikono yao kifaa cha kuhesabu miale inayotoka angani. Sio semina ya slaidi. Slaidi tumeshaziona za kutosha, mtu anatoka na daftari jipya na kalamu alafu Jumatatu anafundisha vilevile. Mimi nataka mwalimu wa Ukerewe apande meli ya Nansio akiwa na boksi mkononi, ndani kuna ditekta inayofanya kazi, na ajue kuifungua na kuirekebisha ikigoma.

Kwanza tuelewane tunanasa nini, maana hilo swali utaulizwa watu hawajakaa hata. Kuna chembe zinatoka mbali huko nje ya mfumo wa jua, kama tisa kati ya kumi ni protoni, zinakuja na nguvu kubwa mno zinagonga hewa ya juu kabisa na ule mgongano unazaa chembe nyingine kibao. Nyingi zinaoza hapohapo na zinaacha muoni. Muoni ni kama ndugu mzito wa elektroni, uzito wake mara 207 hivi, inazaliwa kilomita kama 15 juu yetu na inashuka mpaka chini, inapita bati, inapita zege, inapita wewe. Usawa wa bahari inapita kama moja kwa kila sentimita ya mraba kila dakika, yaani kiganja chako ukikinyoosha ni kama moja kila sekunde. Ukiwaambia walimu hivo wananyoosha kiganja kweli na kukiangalia, na hapo ndo umewapata.

Na Mwanza ni sehemu nzuri ya kazi hii kuliko watu wanavyodhani. Tuna mawe ya granaiti kila kona, na granaiti ina urani, thori na potasiamu kidogokidogo ndani yake, kwa hiyo jiwe lenyewe linatoa mionzi ya gama muda wote. Tuna ziwa, na maji yanazuia gama ya ardhini vizuri sana. Na tuko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, hiyo nayo ina kazi yake nitaieleza kwenye usiku. Kwa hiyo swali zima la semina liwe hili: namba inayotoka kwenye skrini, inatoka juu au inatoka kwenye jiwe? Semina yote niliyoandika hapa chini inazunguka hilo swali, ukiliacha utabaki na watu 24 wanaoangalia taa inawakawaka.

Hatua ya 1: tarehe, barua, chumba

Miezi minne kabla. Anza na kalenda ya shule, sio kalenda yako. Ukiweka wiki za moki, au Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa, watakuja watatu tena wanaangalia saa. Ijumaa na Jumamosi ndo nazipenda, kwa sababu kuna usiku katikati na ule usiku ni kazi, ditekta zinahesabu watu wamelala. Barua iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na kwa afisa elimu sekondari, iseme siku, mahali, na nani analipa nauli na malazi. Hilo la hela usilifichefiche mpaka mwisho, mwalimu wa kisiwani analala mjini siku mbili au tatu kwa sababu ya ratiba ya meli, sasa kama hela ya watu 24 huna, ita 12 uwahudumie vizuri.

Waite wawiliwawili kutoka shule moja, mmoja wa fizikia na mwenzake wa hesabu au kompyuta au fundi sanifu wa maabara. Mwalimu aliyeenda semina peke yake akirudi shuleni hana wa kubishana naye kifaa kikigoma, na kifaa kitagoma.

Chumba nenda kakione mwenyewe saa zilezile utakazotumia. Hesabu soketi, chomeka kitu kwenye kila moja maana soketi ya ukutani haimaanishi umeme upo. Angalia jua linaingia dirisha gani saa nane mchana. Uliza funguo anashika nani Ijumaa usiku. Meza ziwe nzito zisizocheza, watu watakuwa wanachomelea vitu vidogo.

Hatua ya 2: chagua ditekta moja, usichanganye

Kuna njia tatu zinazowezekana kwetu. Ya rahisi kabisa ni simu, unaziba kamera kwa selotepu nyeusi na programu inasubiri kidoa cha mwanga kwenye giza, wako watu Poland wa mradi wa CREDO wanakusanya data za namna hiyo dunia nzima. Ni nzuri kwa mwanafunzi wa nyumbani lakini sensa ya kamera ni ndogo kuliko ukucha kwa hiyo unasubiri sana, na simu ikipata moto inatoa vidoa vya uongo. Ya pili ni bomba za Geiger, zile zinazotoa mpigo wa umeme mionzi ikipita ndani yake, mbili zikipangwa moja juu ya nyingine. Zinafanya kazi, ila zinataka volti kama 400 na mimi watu 24 na volti 400 mezani sitaki.

Ya tatu ndo ninayoipendekeza, ditekta ya plastiki ya sintileta. Mchoro wake uko wazi mtu yeyote anaweza kuutumia, unaitwa CosmicWatch, umetoka MIT kule Marekani kwa Spencer Axani na Janet Conrad. Ndani kuna kipande cha plastiki maalum cha sentimita 5 kwa 5, unene sentimita 1. Muoni ikipita inaacha nishati kama MeV 2 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe) kwa kila sentimita, plastiki inaigeuza kuwa mmweko wa mwanga wa bluu, fotoni, yaani punje za mwanga, karibu 20,000 hivi, macho hayaoni ila sensa ndogo ya silikoni iliyobandikwa kwenye plastiki inaona. Sensa inapewa volti kama 29 tu. Mpigo wa umeme unakuzwa, unarefushwa ili Arduino Nano, kikompyuta kidogo cha kibao kimoja, iweze kuusoma, alafu namba inatokea kwenye kioo kidogo na inaingia kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Pawabenki ya simu inaiendesha saa nyingi tu, umeme ukikatika kazi haisimami.

Bei ni kama dola 100 kwa moja ukinunua vipande vingi kwa pamoja, sensa ndo inakula hela. Walimu 24 nawagawa watatuwatatu, ditekta 8. Usishawishike kutengeneza 4 watu sitasita, wawili watafanya kazi na wanne watashika simu.

Hatua ya 3: agiza mapema, na agiza ziada

Miezi mitatu kabla mzigo uwe umeshalipiwa. Vipande vinatoka nchi tofauti, kimoja kinafika wiki ya pili kingine mwezi wa tatu, na kutoa mzigo kuna karatasi zake, andaa barua ya shule au chuo inayosema ni vifaa vya kufundishia. Agiza za ditekta 8 ongeza mbili. Arduino ongeza tatu, zile pini zinavunjika. Vya kununua hapahapa mjini ni hivi: karatasi ya foili ya jikoni, selotepu nyeusi ya mafundi umeme (nunua nyingi, roli 20, usibane hapo), risasi ya kuchomelea, pasi za kuchomelea, maltimita, ekstensheni ndefu, tochi, miwani ya kukinga macho, flashi za kuhifadhia data, na rula.

Sensa yenyewe ni ndogo sana na inachomwa kwa joto la uangalifu, hiyo usiwape walimu. Tafuta fundi wa simu mwenye mkono mzuri, hapo Makoroboi na mitaa ya katikati mafundi wako wengi, mpe zote kumi azichome kwenye vibao vyake wiki kadhaa kabla na uzipime moja moja kwa maltimita. Walimu watachoma vilivyobaki, vinatosha kabisa.

Plastiki ya sintileta usiishike kwa vidole vyenye jasho na usiifute na thina wala asetoni, inapasuka nyufa ndogondogo kama kioo kilichokaangwa na haitarudi.

Hatua ya 4: tengeneza mbili mwenyewe, na uzitese

Hapa ndo watu wengi wanaruka na ndo hapa semina inapofia. Mwezi mmoja kabla kaa chini utengeneze ditekta mbili kamili kwa kufuata karatasi ileile utakayowapa walimu, bila kuongeza kitu unachokijua kichwani. Kila mahali utakapokwama andika, maana hapo watakwama wote nane kwa pamoja na wewe ni mmoja.

Niwaambie kilichonipata. Semina yangu ya kwanza asubuhi kila kitu kilienda vizuri, ditekta zote zinahesabu, watu wamefurahi. Saa nane kasoro ya mchana meza mbili za dirishani namba zikaanza kupanda, mara mbili, mara kumi, mwisho mamia kwa sekunde. Mwalimu mmoja akasimama akasema jua limelipuka. Watu walipiga picha. Nilijua sio jua la hivo lakini sikuwa na jibu la haraka na nilipoteza saa nzima nikipekua waya. Kumbe mwanga wa dirishani ulikuwa umefika juu ya meza na unaingia kwenye kona ya boksi ambapo selotepu haikukaza. Sensa ile inaona fotoni moja moja, tundu la sindano kwake ni mlango.

Tangu siku hiyo kipimo cha mwanga ni lazima: ditekta ikishafungwa unahesabu dakika mbili ikiwa imefunikwa na koti jeusi, alafu unafunua na kuimulika tochi kila kona, kila ukingo, hasa pale waya unapotokea. Namba zikiruka ongeza selotepu. Foili kwanza, ikaze vizuri ili irudishe mwanga ndani, dirisha dogo la sensa tu liachwe, weka tone la jeli ya uwazi kati ya sensa na plastiki pasibaki hewa, alafu selotepu nyeusi tabaka mbili au tatu, kona zipite juu ya nyingine. Kazi hii ya kufunga ndo inayoamua kama ditekta itakuwa nzuri, zaidi ya uchomeleaji.

Ijumaa asubuhi: mikono kwanza

Saa mbili na nusu watu wafike, saa tatu pasi ziwe zimewaka. Maelezo ya mwanzo nusu saa, isizidi, yale ya kiganja yanatosha. Alafu kila kundi linapewa trei yenye vipande vimehesabiwa na karatasi ya picha kubwa, hatua kwa hatua. Kuchomelea kunachukua kama saa nne kwa wasio na mazoea. Wenye uzoefu usiwaweke kundi moja, watawanye. Na kuna walimu wataogopa pasi, hasa walioishia kusoma nadharia tu chuoni, wape kibao chakavu wachezee dakika kumi, baada ya hapo ni wao ndo wanawafundisha wenzao.

Ikishawaka waache wafurahie. Namba inapanda, kila kundi linaandika ya kwake. Sasa uliza: hizi zote ni muoni? Wengi watasema ndio. Mpe kila mmoja rula apige hesabu, sentimita za mraba 25, muoni kama moja kwa dakika kwa kila sentimita, kwa hiyo zinatarajiwa kama 25 kwa dakika, labda kidogo zaidi sababu Mwanza tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwenye skrini wanaona nyingi kuliko hapo. Zingine zinatoka wapi? Wapeleke nje. Mwanza hukosi jiwe, weka ditekta juu ya mwamba au kwenye ufa kati ya miamba miwili dakika kumi, alafu mbali na mwamba dakika kumi. Waache wabishane wenyewe, usiharakishe jibu.

Ijumaa mchana: mashahidi wawili

Baada ya chakula kila kundi litafute kundi la pili. Shahidi mmoja anaweza kuwa amesikia kelele, wawili waliokaa sehemu tofauti wakisema kitu kilekile kwa wakati uleule unawasikiliza. Unaweka ditekta moja juu ya nyingine, unaziunganisha kwa waya, na ya pili inahesabu tu pale zote mbili zimepiga kwa wakati mmoja. Gama ya jiwe mara nyingi inaishia kwenye moja, muoni inatoboa zote mbili na kuendelea chini mpaka sakafuni. Namba inaporomoka, tegemea kama 10 mpaka 20 kwa dakika zikiwa zimebanana, na hizo sasa ndo muoni zako.

Mwalimu wa hesabu hapa ana kazi yake. Kama kila ditekta inapiga mara 2 kwa sekunde na dirisha la kukubaliana, yaani muda ambao mipigo miwili ikiangukia ndani yake inahesabiwa ni ya pamoja, ni mikrosekunde 30, bahati tupu itakuletea mipigo mingapi ya pamoja kwa saa? Inatoka kama mmoja. Kwa hiyo ukiona 15 kwa dakika, hiyo sio bahati. Waache wapige wenyewe kwenye karatasi, ni dakika kumi nzuri kuliko zote za siku ile.

Alafu wainamishe. Tenganisha ditekta sentimita 10 hivi, zifunge kwenye ubao, ubao uinuke na protrakta. Muoni nyingi zinatoka moja kwa moja juu na zinapungua kwa mraba wa kosaini, yaani ukianza na 100 wima, nyuzi 30 unatarajia 75, nyuzi 45 unatarajia 50, nyuzi 60 unatarajia 25. Hazitatoka sawasawa na zisitoke, hesabu ya 100 ina kosa la 10, ya 900 ina kosa la 30, ni kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Mwalimu akilielewa hilo kwa namba alizozisubiri mwenyewe amekaa kwenye stuli, hawezi kulisahau.

Jioni: chumba cha ukungu na barafu ya samaki

Hesabu ni nzuri ila macho nayo yanataka kuona. Chumba cha ukungu ni kiboksi kidogo chenye mvuke baridi, chembe ikipita ndani inaacha mstari wa ukungu unaouona. Vitabu vya nje vinasema tumia barafu kavu ya nyuzi -78, huku kwetu usiitegemee kwenye mipango yako, tumia tulichonacho. Kule Mwaloni Kirumba wauza sato na sangara wanatumia barafu kila siku, nunua ndoo mbili.

Unachukua vibao viwili vya Peltier, vinavyopoa upande mmoja na kupata moto upande wa pili ukivipa umeme, vile vya sentimita 4 kwa 4 vya TEC1-12706, unavipandanisha na ile grisi nyeupe ya kupitisha joto katikati, upande wa moto wa vyote uangalie chini. Cha chini kipe volti 12, cha juu volti 5. Pawa saplai ya kompyuta ya zamani ya mezani inatoa vyote, waya wa njano ni 12, mwekundu ni 5, mweusi ni hasi, na ili iwake unaunganisha ule wa kijani na mweusi. Chini yake weka lile chuma la mapezi la kupozea prosesa, mapezi yake yakiwa yamezama kwenye beseni la maji ya barafu, na waya zote zikae juu mbali na maji. Juu weka kibati chembamba kilichopakwa rangi nyeusi, funika na kikombe kisafi cha plastiki ya uwazi ambacho ndani juu kimebandikwa kitambaa kizito kilicholowekwa spiriti ya isopropili. Iwe ya asilimia 99, ile ya 70 ya kusafishia vidonda ina maji mengi haitakupa kitu.

Kibati kikifika chini ya nyuzi -25 mvuke wa spiriti unashuka na tabaka jembamba juu ya kibati linakuwa tayari kugeuka ukungu kwa kuguswa tu. Zima taa za chumba, mulika tochi kutoka pembeni, subiri dakika kumi. Mstari mwembamba ulionyooka, hiyo inaweza kuwa muoni. Mfupi mnene ni chembe ya alfa, inatoka kwenye radoni, gesi yenye mionzi iliyo kwenye hewa ya chumba. Unaojikunja kama mdudu aliyelewa ni elektroni. Wa kwanza ukitokea chumba kizima kinapiga kelele, watu wazima kabisa. C.T.R. Wilson alipata Nobeli mwaka 1927 kwa wazo hili la ukungu, na mwaka 1932 Carl Anderson aliona ndani ya chumba kama hicho alama ya pozitroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, iliyotoka kwenye miale hiyohiyo ya anga.

Spiriti inawaka moto, kwa hiyo pasi zote ziwe zimezimwa na kupoa, madirisha wazi, na mtu asiweke sigara karibu. Na chanzo chochote cha mionzi cha kununua usilete, hukihitaji kwa kazi hii na vyanzo hivo viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomu, vina vibali vyake.

Usiku: magharibi na mashariki

Hii ndo kazi ya ule usiku. Miale inayokuja ina chaji chanya kwa sehemu kubwa na usumaku wa dunia unaipindisha, matokeo yake karibu na ikweta zinazotoka upande wa magharibi ni nyingi kuliko za mashariki. Mwaka 1933 Bruno Rossi alipanda na vifaa vyake mpaka Asmara, Eritrea, akapima hilo na akaona tofauti kama ya robo hivi. Afrika Mashariki yetu hii. Kule ni juu zaidi ya mita 2,300, sisi tuko chini kidogo na ditekta zetu ni ndogo, kwa hiyo tofauti itakuwa ndogo zaidi.

Jozi mbili zielekezwe magharibi nyuzi 45, jozi mbili mashariki nyuzi 45, zilezile kwa umbali uleule, pawabenki zimejaa, chumba kimefungwa, flashi ndani. Kwa mwinamo huo unapata mipigo miwili mitatu kwa dakika, na ili uione tofauti ya asilimia 10 bila wasiwasi unahitaji kama 1,800 kila upande, ambayo ni usiku mzima wa saa 12. Asubuhi kabla ya kugusa kitu andikeni namba ubaoni. Na kabla ya kuamini, jozi zibadilishane upande wakati wa mchana mkiwa na shughuli nyingine, maana inawezekana kabisa ditekta moja tu ni kali kuliko mwenzake. Mwalimu akiuliza hilo swali mwenyewe kabla hujamwambia, mpongeze mbele ya watu.

Jumamosi: ziwani

Ijumaa waliona jiwe, leo waone maji. Kodi boti salama, makoti ya kuokolea kwa kila kichwa bila mjadala, nenda asubuhi mapema ziwa likiwa limetulia, upepo unaanza baadaye. Kama mnataka kushuka Saanane ni hifadhi ya taifa, mpango wake na kiingilio panga mapema, lakini kwa kipimo chenyewe hamhitaji kushuka, mnahitaji kuwa mbali na mwamba kwenye maji ya kina cha kutosha, mita kadhaa. Zima injini. Dakika kumi na tano ditekta moja peke yake, dakika kumi na tano jozi. Alafu mrudi ufukweni kwenye mawe mrudie vilevile.

Mtakachoona ni kwamba namba ya ditekta moja inashuka majini, na namba ya jozi inabaki palepale ndani ya kosa lake. Kilichoshuka kilikuwa kinatoka ardhini. Kilichobaki kinatoka juu.

Hapo kwenye boti ndo mahali pa kuwasimulia Domenico Pacini, sio darasani. Mwaka 1911 huko Italia, watu wote wakiamini mionzi ya hewani inatoka ardhini, yeye alizamisha kipimo mita 3 chini ya maji ya bahari pale Livorno akaona kimepungua kama asilimia 20, alafu akarudia kwenye ziwa Bracciano. Akasema kuna mionzi isiyotoka ardhini. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Agosti 1912, Victor Hess akapanda puto zaidi ya mita 5,000 akakuta mionzi inaongezeka badala ya kupungua, na yeye ndo aliyepewa Nobeli mwaka 1936, Pacini alikuwa ameshafariki. Mwambie mwalimu hivo akiwa ameshika kipimo chake mwenyewe juu ya maji ya Victoria, utaona anavyokiangalia.

Boksi la kuondokea

Mchana wa Jumamosi ni kwa ajili ya kurudi. Ditekta ziondoke na walimu, na kwa kuwa 8 ni jozi 4 na shule ni 12, shule jirani zigawane jozi kwa maandishi, nani anakaa nayo mwezi gani. Ndani ya boksi weka roli la selotepu nyeusi, Arduino moja ya akiba, waya wa USB, flashi yenye programu na data zote za usiku ule, karatasi ya picha, na ukurasa mmoja wa "ikigoma angalia hivi": namba kubwa ghafla, ni mwanga; namba sifuri, pima volti 29; skrini nyeusi, badilisha waya kwanza.

Kisha kila jozi ya walimu iandike palepale mezani, kabla ya chai ya mwisho, kipindi kimoja watakachofundisha na tarehe yake, kidato gani, kipimo gani. Chukua nakala. Fungua kundi la WhatsApp siku hiyohiyo wote wakiwa chumbani, na kazi ya kwanza iwe ndogo: Jumatano saa nne asubuhi kila shule yenye jozi ihesabu dakika kumi jozi ikiwa wima na itume namba moja tu, pamoja na kitu kimoja, wamekaa juu ya nini, zege, udongo, mwamba, au ghorofani. Jumatano hiyo we uwe umeshika simu, maana kuna mmoja atatuma 4,000 na utatakiwa umjibu haraka afunike ditekta na koti jeusi.